SOMO: AC ya gari haitoi baridi? Pima kwanza, gesi baadaye

Wakuu, swali hili nimelijibu mpaka nimechoka, kwa hiyo naliweka hapa. Gesi ya AC haiishi kama petroli. Ikipungua, kuna mahali inavuja.

1. Filta ya hewa ya ndani ikiwa imeziba, badilisha.

2. Washa AC, usikilize klachi ya kompresa (pampu ya gesi) ikidaka.

3. Tazama feni ya kondensa (rejeta ya AC), kisha unganisha geji za presha pande ZOTE MBILI, wa presha ndogo (chini) na wa presha kubwa (juu). Hapa ndipo nilipoua kompresa. Hewa ilitoka vuguvugu, nikasema gesi imepungua, nikaongeza kopo. Baridi haikuja, nikaongeza la pili. Kumbe gesi ilikuwa kamili, feni ndiyo haizunguki! Gesi ikizidi, baridi hupungua na presha ya juu hupanda vibaya. Kwa R134a (aina ya gesi ya AC), siku ya joto la kawaida, upande wa chini husoma kama psi 25–45, wa juu 150–250. Zote zikiwa chini, gesi imepungua. Zote zikiwa juu, shuku feni, kondensa chafu au gesi iliyozidi. Chini ikipanda na juu ikishuka, kompresa imechoka.

4. Paka povu la sabuni kwenye maungio. Palipolowa mafuta, anza hapo.

5. Gesi iliyobaki ivutwe kwa mashine, isiachiwe hewani. Ziba panapovuja, vuta vakyumu (nyonya hewa na unyevu wote) dakika 30 au zaidi, funga valvu za geji. Mshale ukirudi, bado panavuja.

6. Jaza kwa mizani, gramu zilizoandikwa kwenye lebo chini ya boneti. Kopo wima, bomba nene tu (upande wa presha ndogo). Ukilifunga upande wa presha kubwa linaweza kukulipukia. Vaa miwani na glavu.

Swali: Yangu haipozi, niweke makopo mangapi?
Jibu: Hujapima. Rudi namba 3.

Swali: Mimi vakyumu sivuti na inapoza tu.
Jibu: Inapoza leo tu. Unyevu uliobaki huganda kwenye valvu ya kupunguza presha na kuzaa asidi ndani ya mfumo.

Swali: Mbona gari likizimwa geji zote husoma sawa?
Jibu: Umeuliza vizuri sana. Kompresa ikisimama, presha husawazika na kufuata joto, siyo kiasi cha gesi. Kwenye nyuzi 25 R134a husoma kama psi 80, mfumo uwe umejaa au nusu, mradi imebaki gesi ya kimiminika ndani. Ndiyo maana nasisitiza mizani.

Swali: Na haibridi?
Jibu: Kompresa nyingi za umeme hutumia mafuta ya POE. Ukiweka PAG (mafuta ya kompresa za kawaida), unaharibu kinga ya umeme ndani yake, na volti zake ni kubwa. Soma lebo kabla ya kugusa.

Swali: Harufu ya uvundo je?
Jibu: Dakika chache kabla ya kufika zima AC, acha feni ipulize. Inakausha evapureta (kipozeo kilicho ndani ya dashibodi).