Kuchora duka kuukuu lililofungwa: fuata kivuli, fuata maji

Duka lililoachwa huharibika kwa mpangilio. Mvua huingia mahali fulani, hushuka njia fulani, na karibu kila doa unaloliona ukutani lina chanzo chake. Anayeanza na madoa na nyufa huishia na karatasi chafu. Chora kwanza duka zima, limenyooka kama fundi alivyolikabidhi, halafu lizeeshe pale tu penye sababu. Tunazungumzia hapa yale maduka ya baraza ya Uganda, katika Jinja, Mbale, Tororo, Soroti na miji midogo inayofanana nayo: ukuta wa mbele uliopanda kuficha paa, mara nyingine ukiwa na mwaka wa ujenzi uliofinyangwa kwa saruji, nguzo za baraza, na milango ya mbao ya kukunja.

Omba ruhusa kabla ya kutoa penseli. Mengi ya maduka haya yalijengwa na wafanyabiashara wa Kihindi, na Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 za kuondoka nchini. Umiliki wa majengo mengi uligombaniwa miaka mingi baada ya hapo, kwa hiyo mgeni anayesimama mbele ya duka akifumba jicho moja na kunyoosha mkono anaweza kudhaniwa mpimaji au mnunuzi. Nenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani uongozi wa kijiji au mtaa, mwonyeshe daftari lenye michoro yako, kisha msalimie mwenye duka la mkabala. Akikukaribisha kwenye benchi la baraza lake umepata kiti, kivuli na mlinzi kwa pamoja. Ndani ya jengo usiingie: mbao za dari zilizooza hudondoka bila taarifa, na nyuki hupenda dari zisizosumbuliwa.

Vifaa ni vichache. Karatasi ya A4 au A3 yenye uzito wa gramu 160 kwa mita ya mraba au zaidi, penseli za HB (ngumu kiasi), 2B (laini kidogo) na 6B (laini na nyeusi zaidi), wembe wa kuchongea, raba laini, kipande cha plaiwudi na klipu mbili. Ongeza kavera, yaani mfuko wa plastiki, la kufunikia mvua ikija, na karatasi safi ya kuweka chini ya mkono. Hiyo ya mwisho wengi huidharau. Vumbi jekundu likichanganyika na unga wa 6B na jasho la kiganja hutoa doa ambalo raba hulisambaza tu.

Simama umbali wa mara moja na nusu hadi mara mbili ya upana wa duka. Kama upana ni mita 10, rudi nyuma mita 15 hadi 20. Ukikaribia kuliko upana wenyewe, pembe za jengo zitavutika na nguzo za pembeni zitaonekana nene kuliko zilivyo. Mstari wa usawa wa macho upitishe kwanza, kwa HB nyepesi. Ukiwa umesimama, mstari huo utakata ukuta karibu mita moja na nusu juu ya ardhi uliyosimama. Ukikaa kwenye kigoda unashuka, na duka linaonekana refu zaidi.

Kipimo chako kiwe mlango mmoja. Nyoosha mkono kabisa, fumba jicho moja, pima upana wa mlango kwa penseli, kisha hesabu upana wa duka ni milango mingapi na kimo chake ni mingapi. Kiwiko kikikunjika hata kidogo, hesabu yote inaharibika, na hapa ndipo michoro mingi hupotea. Ukichora kwa mshazari, nguzo za mbali hukaribiana. Usizikisie. Chora nguzo ya kwanza na ya pili, weka alama katikati ya kimo cha ile ya pili, kisha vuta mstari kutoka kichwa cha nguzo ya kwanza kupitia alama hiyo hadi sakafuni. Pale mstari huo unapogusa mstari wa sakafu ndipo inaposimama nguzo ya tatu, mradi nguzo zenyewe zilipangwa kwa nafasi sawa. Rudia hivyo hivyo kwa ya nne.

Sasa kivuli cha baraza, ambacho ndicho kinachobeba mchoro. Ikweta inapita Uganda, jua hupanda karibu wima, na kivuli hakikusubiri. Chukua duka linalotazama mashariki, Jinja au Mbale, lenye paa la baraza lililojitokeza mita 1.5. Karibu saa tatu kasorobo asubuhi kivuli cha ukingo wa paa kimeshuka ukutani takriban sentimita 87. Saa nne kasorobo kimeshuka mita 1.5, sawasawa na jinsi paa lilivyojitokeza. Saa tano kasorobo ni mita 2.6 na mlango umezama karibu wote. Kwa hiyo weka alama ya ukingo wa kivuli mara moja, andika saa pembeni, na usiuhamishe tena hata ukutani ukihama. Anayeendelea kukifukuza humaliza na duka lenye majua mawili. Duka la kutazama magharibi lina nafasi yake kati ya saa tisa na saa kumi na moja jioni. La kutazama kaskazini hupata jua la mbele katikati ya mwaka, la kusini hulipata karibu na Desemba. Ukiwa Fort Portal, magharibi mwa nchi, ongeza kama robo saa kwenye saa hizo.

Jaza kivuli hicho kwa 2B, mistari ya upande mmoja, na uache weusi wa 6B kwa ajili ya mlango uliobaki wazi. Hata huko usijaze weusi mtupu: mabati yaliyotoboka hupitisha miale, na sakafuni huonekana viduara vidogo vya mwanga. Viache vyeupe tangu mwanzo.

Mabati yachore kwa uchache. Onyesha mawimbi kwenye ukingo wa chini tu, kisha mistari michache inayopanda na kukatika. Ukichora kila mfereji paa litakuwa zito kuliko ukuta. Misumari hukaa kwenye migongo ya mabati na hufuata papi, yaani mbao za kushikilia mabati, zilizo chini, kwa hiyo safu zake ni za mlalo. Kutu huanza kwenye matundu ya misumari na pale mabati yanapolaliana, kwa kuwa maji hunaswa humo, kisha hutiririka kuelekea chini. Kutu iliyotapakaa katikati ya bati bila chanzo inaonekana ya uongo, na mtu yeyote aliyewahi kuezeka atalibaini hilo.

Fuata maji mpaka chini. Paa likidondosha kwenye udongo, matone huurusha ukutani na kuacha ukanda mwekundu, mzito chini, unaofifia kwenda juu. Plasta hubanduka zaidi hapo hapo, na matofali ya kuchoma yanachungulia. Yachore machache, kwenye kingo za kibanduko, na uache ya katikati yakisiwe na mtazamaji wa picha. Nyufa zianzie kwenye pembe za juu za milango zikipanda kimshazari. Mtini uliojiotea kwenye ufa wa ukuta wa juu uliletwa na ndege, na mizizi yake hushuka ndani ya ufa huohuo. Ukiuchora umeelea juu ya plasta, ukuta wote unapoteza uzito.

Maandishi huhitaji subira. Chini ya rangi inayobambuka mara nyingi kuna herufi za zamani, wakati mwingine tabaka mbili. Pima urefu wa neno lote kwanza, gawa kwa idadi ya herufi, kisha chora zile zinazosomeka tu. Usikamilishe jina kwa kubuni.

Nyuma ya karatasi andika mji, tarehe, saa na upande ambao duka linatazama, kisha laza karatasi nyepesi juu ya mchoro kabla ya kufunga daftari. 6B hujipaka kwenye ukurasa wa pili hata usipoisugua.