Kuizamia Oriskany: mnara kwanza, sitaha itazame ukiwa juu

Oriskany ilikuwa manowari ya Marekani ya kubeba ndege. Tarehe 17 Mei 2006 ilizamishwa kwa makusudi, kilomita 35 hivi kutoka Pensacola, Florida, iwe mwamba wa samaki. Ilichukua dakika 37 kwenda chini, ikatua wima, na mpaka leo imesimama hivyo. Kilele cha mnara wake, yaani jengo linalosimama juu ya sitaha, kiko mita 25 hivi chini ya maji. Sitaha ya kurukia ndege ilikuwa mita 41, kisha kimbunga Gustav cha 2008 kikaididimiza meli, sitaha ikashuka hadi mita 44.

Mzamiaji wa kawaida mwisho wake ni mita 40. Kwa hiyo anayeniuliza namjibu: zamia mnara. Una ghorofa kadhaa, na mbizi mbili hazitoshi kuumaliza.

Kabla hujaingia majini, piga hesabu ya hewa. Mita 30 chini mgandamizo ni mara nne ya juu, kwa hiyo anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu atatumia 80 huko. Mtungi wa lita 12 wenye baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo) una lita 2,400 za hewa: nusu saa, basi, ukikauka kabisa. Sasa toa hewa ya kumpandisha mwenzako aliyeishiwa, nyote mkihema kwa hofu, pamoja na dakika tatu za kusimama mita 5. Mimi hupata kama lita 1,000, yaani baa 85. Ndiyo sababu geji ikisoma 110 naanza kurudi kwenye kamba ya kushukia na kupandia, hata kama kilicho mbele yangu ni kizuri namna gani.

Mara ya kwanza sikufanya hivyo. Niliiona sitaha chini yangu, pana, ya kijivu, nikajikuta naifuata. Nilipotazama geji ilisoma 70, na kamba ilikuwa upande wa pili wa mnara. Nilifika juu salama, lakini kwa kuhesabu kila pumzi. Mwenzangu hakuwa na habari kwamba nimeteremka. Tangu siku hiyo tunakubaliana kina kwa vidole kabla ya kuruka.

Ukitumia nitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni, ya asilimia 32, usipite mita 33. Pima oksijeni ya mtungi wako mwenyewe, andika namba juu yake.

Shuka ukiishika kamba, maana mkondo wa juu unaweza kukutoa kwenye meli kabla hujaiona. Ukifika kwenye mnara, jifiche upande usio na mkondo, tulia, upumue taratibu. Washa tochi. Bila tochi kila kitu ni buluu na kijivu; ukimulika ukuta, unatokea wekundu na rangi ya machungwa, chaza wameshikana mpaka chuma hakionekani. Mkono usiweke popote bila kutazama: kuna samaki wa mistari mwenye miiba ya sumu, anayependa kukaa kimya kwenye pembe. Chewa wakubwa na mizia utawaona bila kuwatafuta.

Milango iko wazi na inavutia. Usiingie kama hujafunzwa kuzamia ndani ya meli au huna uzi wa kukurudisha. Pezi likipiga tope mara moja, mlango uliopitia huuoni tena. Chukua kisu kidogo, mishipi ya wavuvi imenasa huku na huku. Wala usibandue kitu. Hapa ni mahali pa kuheshimiwa: mwaka 1966 moto uliwaua watu 44 ndani ya meli hii.

Ukipanda, simama mita 5 kwa dakika tatu, boya lako likiwa juu ili nahodha akuone. Ngazi hupanda na kushuka na mawimbi, kwa hiyo ngoja ishuke, ishike kwa mikono miwili, ndipo uvue mapezi. Mdomo wa hewa uache kinywani mpaka ukanyage mbao.