Wakopeshaji wa apu wakitesa watu kwenye simu yako: jinsi ya kupeleka malalamiko kwa Kamishna wa Data, Kenya

Umechelewesha mkopo wa apu siku mbili, sahi wanapigia bosi, shangazi, hadi fundi wa mabomba. "Mwambie huyo mwizi alipe leo, alikuandika wewe mdhamini wake." Deni ni lako na utalilipa, lakini hiyo ni kinyume cha sheria.

Kwanza usifute kitu, hata yale matusi yanayouma. Piga skrinshoti, namba na tarehe zionekane, na hizo simu pia usizitoe kwa rekodi. Alafu omba waliopigiwa wafanye hivyo hivyo, na hapa ndio wengi hawajui: shangazi hakukopa, hakukubali namba yake itumike, so yeye mwenyewe anaweza kulalamika kwa jina lake, haimlazimu kukungojea wewe. Mwaka wa 2023 kampuni ya Mulla Pride, yenye apu za KeCredit na Faircash, ilipigwa faini ya shilingi 2,975,000 na ofisi ya Kamishna wa Data kwa sababu ya namba za watu walizotumia kutishia.

Pili, tafuta jina la kampuni, si la apu tu, maana mara nyingi hayafanani. Angalia kwa maelezo ya apu, kisha kwa orodha ya wenye leseni kwa tovuti ya Benki Kuu.

Sasa ingia odpc.go.ke, tovuti ya hiyo ofisi ya Kamishna, ujaze fomu ya malalamiko. Ni bure. Kama kuandika ni shida, enda ofisini ueleze kwa mdomo, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inawataka wao wakuandikie. Hadithi iwe fupi: ulikopa lini, nani alipigiwa, saa ngapi, aliambiwa nini, na kila skrinshoti uitaje pale inapohusika. Usisahau kusema unataka nini, yaani waache kupiga, wafute hizo namba, na fidia kama umeumizwa, wengi huacha hiyo sehemu ya fidia na inaniuma sana.

Weka namba ya malalamiko utakayopewa. Uchunguzi unafaa kuisha ndani ya siku 90.

Peleka kopi Benki Kuu pia, kanuni zao za 2022 zinakataza vitisho, matusi na kupigia watu walio kwa simu yako. Ukitishiwa kuumizwa usingoje barua pepe ya mtu, enda polisi siku hiyo hiyo uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu chao cha kuandika ripoti. Na kama uamuzi wa Kamishna haujakuridhisha, unaweza kukata rufaa Mahakama Kuu.