Madonge ya matza: yaanzie kwenye friji

Kwa wanaopika supu ya kuku ya Pasaka ya Kiyahudi yenye madonge ya matza (mkate bapa usiotiwa chachu): ukishachanganya mayai 4, unga wa matza kikombe 1, mafuta ya kuku robo kikombe, supu robo kikombe na chumvi, usikimbilie kuviringa. Funika bakuli, liweke kwenye friji nusu saa hadi saa nzima. Unga huo ni mkate uliokwisha kuokwa ukasagwa, kwa hiyo hunyonya taratibu. Rojo la mwanzo hukaza, likashikika kwa mikono yenye maji. Ukiharakisha, madonge hufumuka sufuriani. Ila friji haiokoi sufuria ndogo: madonge huvimba sana, na yakibanana kiini hubaki kigumu. Wahasidi wengi (Wayahudi wa kundi lenye kushika dini sana) hawalowanishi matza siku saba za kwanza za Pasaka, kwa hiyo mgeni wa hivyo mpikie kingine.