Pedali za kliti kwa baiskeli ya mbio: namna ya kuchagua zinazodumu

Wadau wa baiskeli, swali la pedali gani hazifi mapema linarudi kila siku na watu wengi wanaanza kuangalia uzito, rangi na jina la kampuni, mimi nasema anza na kliti. Kliti ndo kile kipande kinachofungwa chini ya soli ya kiatu, ukikanyaga kinanasa kwenye pedali, ukitupa kisigino nje unatoka. Pedali nzuri inaweza kukaa miaka na miaka ila kliti lazima iishe, hiyo haina mjadala, kwa hiyo kabla hujatoa hela jiulize zikiisha ntazipata wapi na kwa bei gani. Kama jibu ni mpaka mtu aje na ndege kutoka Ulaya, basi hata pedali iwe ngumu vipi itakaa kabatini inasubiri.

Sasa kuna familia mbili kubwa. Ya kwanza ni ya matundu matatu kwenye soli, hii ndo ya barabarani hasa. Look wa Ufaransa, ambao walikuwa wanatengeneza vifungo vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, waliitoa mwaka 1984 na mwaka uliofuata Mfaransa Bernard Hinault akachukua Tour de France, yale mashindano makubwa ya baiskeli, akiwa nazo, toka hapo mikanda ya kufungia mguu kwenye pedali ikaanza kupotea. Kliti yake ni pana, ya plastiki, inabeba mguu vizuri ukikaa muda mrefu kwenye siti. Saivi utakazokutana nazo zaidi ni Look Keo na Shimano SPD-SL. Hapa watu wanapigwa sana: matundu ya kiatu ni yale yale, kwa macho kliti zinafanana, lakini ya Keo haiingii kwenye SPD-SL na ya SPD-SL haiingii kwenye Keo. Na ukinunua pedali za mitumba kuwa makini zaidi, kuna Look za zamani zinaitwa Delta, nazo zina kliti yake kubwa zaidi ambayo haiendani na Keo pamoja na kwamba kampuni ni ile ile. Kwa hiyo usinunue kliti kwa kukadiria, beba pedali yako dukani au uwe na namba iliyoandikwa kwenye mwili wake.

Familia ya pili ni ya matundu mawili, Shimano SPD, ilitoka mwaka 1990 kwa ajili ya baiskeli za milimani. Kliti yake ni ndogo, ya chuma, inakaa ndani ya soli yenye meno kwa hiyo unatembea kama mtu mwenye viatu vya kawaida. Wapo watakaosema hiyo siyo ya road, kwamba eneo la kukanyagia ni dogo, ni kweli ni dogo, ila kiatu kikiwa na soli ngumu mguu hausikii tofauti kubwa, na kwa mtu ambaye safari yake ina kushuka kununua maji, kusukuma kwenye kipande cha vumbi, kupanda ngazi za ofisi, mimi namwambia bila kusita achukue hii. Chuma dhidi ya plastiki kwenye lami na changarawe, unajua mwenyewe nani anamaliza mwenzake. PD-M520 ya Shimano ni pedali nzito, jozi kama gramu 380, haina urembo wowote, lakini inaingia pande zote mbili, bei yake inavumilika na beringi zake zinafunguka zikatiwa grisi. Ukitaka yenye sura ya road zaidi ipo PD-ES600, ya kuingia upande mmoja, kliti ni zile zile za chuma.

Ipo na Speedplay, ambayo saivi iko chini ya Wahoo. Yenyewe wamegeuza, mtambo wa kunasa uko kwenye kliti na pedali ni duara dogo tu. Ni nzuri kwa mwenye magoti yanayosumbua kwa sababu unaweza kupanga kisigino kicheze kiasi gani, ila mchanga ukiingia kwenye ule mtambo inakuwa shida na kliti zake ni ghali. Kwa barabara ambazo nusu ya safari unakanyaga vumbi mimi siishauri.

Tukirudi kwenye kudumu kwa pedali yenyewe, kuna vitu vitatu ambavyo mimi naangalia. Kwanza beringi. Shika ekseli uzungushe mwili wa pedali polepole kwa vidole, inatakiwa iende laini na nzito kidogo, uzito ule ni grisi na siyo ubovu, ile inayozunguka yenyewe muda mrefu kama feni mara nyingi imekauka. Ukisikia inakwaruza kuna mchanga au njia ya beringi imeshaliwa. Halafu shika mwili utikise juu chini, ikicheza ujue kuna kukaza, na kama ni ya aina ya bei chee yenye bushi ya plastiki bila beringi, hakuna cha kukaza hapo, hiyo iache. Pili angalia pale kliti inaposugua juu ya mwili wa pedali. Kama ni plastiki tupu itachimbika taratibu mpaka kiatu kianze kuyumba hata ukiweka kliti mpya, kama pana bati la stenlesi, kama kwenye Ultegra PD-R8000 ya Shimano, sehemu hiyo inakaa muda mrefu. Tatu springi na skrubu ya kuikaza, uingize kliti na kutoa mara kadhaa uone inarudi kwa nguvu na ile skrubu haijaliwa kichwa. Kwenye mitumba hivi vitu vitatu ni dakika tano tu, muuzaji akikataza usijaribu, ondoka.

Watu wa pwani mna kazi ya ziada. Hewa ya chumvi inakula skrubu na springi hata baiskeli ikiwa imepaki ndani, kwa hiyo futa pedali kwa kitambaa, tone la oili kwenye springi, na bolti za kliti zikiwa za chuma cha kawaida zitashika kutu mpaka alenkii isipate pa kushika. Weka grisi kwenye nyuzi za bolti siku ya kufunga, usingoje.

Rangi za kliti siyo mapambo, zinakuambia kisigino kinaruhusiwa kucheza kiasi gani. Shimano SPD-SL njano ni digrii 6, bluu 2, nyekundu haichezi kabisa. Look Keo ni habari nyingine, nyekundu ndo inacheza zaidi, digrii 9, kijivu 4.5, nyeusi sifuri. Angalia hapo, nyekundu ya mmoja ni kinyume cha nyekundu ya mwenzie, na mtu akichukua ile isiyocheza bila kujua anaanza kulalamika goti na kulaumu siti. Anayeanza achukue njano ya Shimano au kijivu ya Look. Kwenye SPD ya chuma kuna SM-SH51 inayotoka ukitupa kisigino pembeni na SM-SH56 inayotoka pande nyingi, hiyo ya pili inampunguzia mgeni hofu ila ukivuta mguu kwa nguvu inaweza kukuachia, kwa hiyo ukishazoea rudi kwenye 51. Na springi ilegeze mwanzoni, utakaza baadae.

Kufunga. Pedali ya kulia inakazwa kama nati zote, ya kushoto ni kinyume, na hapa ndo krenki nyingi, ile mikono inayobeba pedali, zinaharibiwa nyuzi na fundi mwenye haraka. Shika hivi: spana ikiwa imesimama juu ya pedali, kuisukuma kuelekea tairi la nyuma ni kulegeza, pande zote mbili, kuelekea mbele ni kukaza. Anza kwa mkono mpaka iingie mizunguko kadhaa bila kugoma ndo ulete spana ya 15 au alenkii, na grisi kwenye nyuzi usisahau. Kliti ikae chini ya lile bonge la mguu nyuma ya kidole gumba, au nyuma yake kidogo, halafu ielekee jinsi mguu wako unavyoelekea ukiwa umekaa mezani miguu inaning'inia. Bolti za Shimano ni alenkii ya 4, kaza Nm 5 mpaka 6 (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza), zile tatu uzikaze kidogo kidogo kwa zamu, siyo moja mpaka mwisho ndo uende nyingine.

Dalili za kliti iliyochoka ni hizi. Kiatu kinacheza pembeni kuliko zamani, inalia kila ukikanyaga, au unachomoka ukisimama kupandisha mlima, hiyo ya mwisho usiivumilie hata siku moja kwa sababu ukichomoka mbele ya daladala hakuna wa kukuokoa. Geuza kiatu uangalie ile ncha ya mbele na mdomo wa nyuma, vikiwa vimekuwa vyembamba badilisha. Kwa kuwa huku tunaendesha kushoto, wengi tukisimama kwenye taa tunashusha mguu wa kushoto kwenye ukingo wa barabara, kwa hiyo kliti ya kushoto inaisha mapema. Za SPD-SL na Keo hazina kulia wala kushoto, unaweza kuzibadilishana katikati ya maisha yake ukapata miezi ya ziada, ila kabla hujafungua chora mstari kuzunguka kliti kwa kalamu ya maka ili uirudishe pale pale. Kofia za mpira za kuvalisha kliti ukitembea zinauzwa bei ndogo na zinakaa mfuko wa nyuma wa jezi.

Kwenye begi la chini ya siti weka bolti moja au mbili za kliti na ile alenkii ya 4. Bolti ikidondoka njiani kiatu kinageuka peke yake kliti ikibaki imenasa, unatupa kisigino na haitoki, hapo inabidi uvue kiatu kikiwa bado kwenye pedali ndo uweze kushuka.