Somo: Kuomba Mahakama Kuu ya Kenya ipitie amri ya hakimu katika kesi ya jinai

Mtu akiumizwa na amri ya hakimu, jambo la kwanza analofikiria ni rufaa. Hata hivyo, kifungu cha 362 cha Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai (Sura ya 75) kinaipa Mahakama Kuu uwezo wa kuitisha jalada la mahakama ya chini na kujiridhisha kwamba uamuzi, adhabu au amri ni sahihi na halali, na kwamba utaratibu ulifuatwa. Jaji anayefanya mapitio hutazama yaliyoandikwa jaladani. Hasikilizi kesi upya.

Hatua ya kwanza, ambayo naisisitiza kuliko zote, ni kupata nakala iliyothibitishwa ya mwenendo wa kesi, yaani kumbukumbu za yaliyosemwa na kuamuliwa mahakamani, na kuisoma mstari kwa mstari. Tuseme hakimu ameamuru pikipiki itaifishwe, na mwenye pikipiki hakuwa mshtakiwa. Je, aliitwa? Aliulizwa lolote? Ikiwa ukurasa unatoka kwenye adhabu moja kwa moja hadi kwenye amri ya kutaifisha bila mwenye mali kutajwa, hoja yako ni hiyo, nayo ina uzito kuliko malalamiko marefu kuhusu ukali wa hakimu.

Hatua ya pili, hakikisha kama una haki ya kukata rufaa. Chini ya kifungu cha 364(5), aliyeweza kukata rufaa akaacha hawezi kuleta ombi la mapitio badala yake, na muda wa rufaa, siku 14, hupita upesi.

Hatua ya tatu, wasilisha ombi katika masijala ya Mahakama Kuu pamoja na hati ya kiapo na nakala ya amri, kisha uupe upande wa mashtaka nakala zake. Amri ikiwa karibu kutekelezwa, omba isitishwe kwanza. Andika hoja zako zote, kwa maana kifungu cha 365 hakimpi yeyote haki ya kusikilizwa katika mapitio, isipokuwa mshtakiwa ambaye amri inaweza kumdhuru (tazama swali la kwanza hapa chini), ingawa jaji anaweza kuwasikiliza wahusika akiona inafaa.

Maswali ya wanachama

Swali: Wakili, adhabu yangu inaweza kuongezwa?
Jibu: Ndiyo, inaweza. Lakini kifungu cha 364(2) kinakataza amri yoyote ya kumdhuru mshtakiwa kabla hajapewa nafasi ya kujitetea, yeye mwenyewe au kupitia wakili wake.

Swali: Ndugu yangu aliachiliwa huru. Mapitio yanaweza kumtia hatiani?
Jibu: Hapana. Kifungu cha 364(4) hakiruhusu hilo. Upande wa mashtaka usiporidhika, njia yake ni rufaa.

Swali: Kesi bado inaendelea, na masharti ya dhamana yamenishinda. Ningoje hukumu?
Jibu: Usingoje. Majaji husita kuingilia kila uamuzi mdogo wa katikati ya kesi, na ni sawa wasite, maana kesi zisingekwisha. Dhamana ni jambo jingine, kwa sababu anayeshindwa kuitimiza anabaki rumande ilhali hajahukumiwa. Kifungu cha 123(3) kinairuhusu Mahakama Kuu kuagiza kiwango chake kipunguzwe, kwa hiyo eleza kipato chako na wanaokutegemea, na uambatanishe uthibitisho.