Jinsi ya kuhakiki kadi ya adui asiyekumbukwa: mfano wa Stilt-Man

Katika kadi za kukusanya za wahusika wa komiki za Marvel, maadui mashuhuri kama Doctor Doom na Magneto wana watu tele wa kuwaandikia. Kadi inayohitaji mhakiki ni ya yule adui ambaye mtoto humruka haraka akitafuta wengine. Mpwa wangu hapa Lamu alinijia barazani na kadi ya Stilt-Man, adui mwenye miguu ya chuma inayorefuka, anayepambana na shujaa Daredevil. "Mjomba, huyu nimwandikie nini? Ana miguu tu." Hatua hizi ndizo tulizozifuata.

Hatua ya 1: Piga picha

Mbele na nyuma, mchana, bila flashi. Kaa kivulini ukielekea ukuta mweupe wa chokaa, mwanga wake ni laini na unatosha. Mimi sipendi skana, maana kadi yenye mng'ao hutoka nyeusi. Ikiwa kadi imepinda kwa unyevu wa bahari, sema hivyo kwenye uhakiki. Na tafadhali usiipeleke dukani ikapigwe laminesheni kama cheti cha shule. Plastiki ile haibanduki tena, na mkusanyaji yeyote makini ataikataa.

Hatua ya 2: Ijue seti

Soma maandishi madogo kabisa upande wa nyuma, utapata mwaka na kampuni. Seti ya Marvel iliyotolewa na kampuni ya Impel mwaka 1990, kwa mfano, ina kadi 162 za kawaida na 5 za hologramu, na nyuma imeweka hesabu ya mapambano: mhusika ameshinda mangapi, ameshindwa mangapi. Nambari hizo zinanoga kusoma, lakini usizitumie kama ushahidi.

Hatua ya 3: Rudi kwenye komiki aliyoanzia

Hapa ndipo mpwa wangu alipokwama asubuhi nzima, na ndipo wahakiki wengi wanapokwepa. Huwezi kumwita adui dhaifu kwa kusoma sentensi nne za nyuma ya kadi. Tafuta toleo la kwanza alimotokea, ulisome lote.

Stilt-Man alitokea katika Daredevil nambari 8, mwaka 1965, hadithi ya Stan Lee na michoro ya Wally Wood. Jina lake halisi ni Wilbur Day. Alimfanyia kazi mvumbuzi aitwaye Carl Kaxton, akamwibia uvumbuzi wake wa haidroliki (mitambo inayosukumwa kwa nguvu ya kimiminika), akajiundia vazi lenye miguu ile. Halafu akaenda kwa wakili kudai kwamba Kaxton ndiye mwizi! Na wakili mwenyewe ni Matt Murdock, yaani Daredevil. Mwisho wa hadithi miale ya kifaa cha kupunguza ukubwa wa vitu inampiga, na mtu aliyetaka kuwa mrefu kuliko majengo anapungua, anapungua, hadi haonekani.

Mpwa wangu alipofika hapo alinyamaza, kisha akaigeuza kadi na kuisoma upya. Hakukuwa na neno juu ya wakili. Basi uhakiki wake ukapata mguu wa kusimamia: kadi ilikuwa na nafasi ya kusimulia wizi huo, ikaitumia kueleza mitambo.

Mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, tarehe ya kwenye jalada la komiki za Marekani za zama hizo kwa kawaida huwa ya miezi kadhaa baada ya siku zenyewe za mauzo, kwa hiyo andika "toleo la Juni 1965", usiandike kwamba lilitoka Juni. Pili, hakikisha nani yumo ndani ya vazi. Mwaka 1982, katika Daredevil nambari 186, mhalifu mwingine, Turk Barrett, aliliiba na kulivaa yeye. Kumlaumu Day kwa vituko vya Turk ni kumwonea.

Hatua ya 4: Tazama mchoro

Kadi ya kawaida ina upana wa sentimita 6.4 na urefu wa 8.9. Stilt-Man haenei humo. Mchoraji akionyesha miguu yote, uso unakuwa kama punje ya mchele. Akikaribia uso, umebaki na mwanamume aliyevaa helmeti. Kwa maoni yangu lililo bora ni kumchora kutoka chini, nyayo kubwa mbele na kichwa kikipotelea juu, kwa sababu hivyo ndivyo mtu wa barabarani angemwona. Sema mchoraji wako alichagua lipi, na kama lilimfaa.

Hatua ya 5: Toa alama mbili

Moja ya adui, moja ya kadi, na zisichanganywe. Sisi tulimpa Wilbur Day saba kwa kumi. Kadi ilipata nne, tatu za mchoro na moja ya kutaja toleo la kwanza kwa usahihi. Bei usiiandike.